PS Pia Ni Deki

Kuna sentensi moja ambayo watoto wengi wa Nakuru wa kati ya 2003 na 2013 waliwahi kuwaambia wazazi wao, kila mmoja akidhani ameibuni mwenyewe: "Lakini pia inacheza muvi." Hiyo ndiyo iliyoingiza PS kwenye sebule za Section 58, Free Area, Langa Langa na Shabab, mpaka kwenye ploti za Kaptembwo ambako TV, kitanda na jiko viliishi chumba kimoja. Mzazi hakununua mchezo. Sijawahi kukutana na mzazi wa Nakuru aliyekiri kwamba alinunua mchezo. Alinunua deki, na kama deki hiyo ilikuwa na uwezo wa kucheza FIFA, basi hilo lilikuwa shauri la watoto.

Ninachotaka kujua ni kama ile sentensi ilikuwa kweli. Si suala la kukumbuka utotoni tu, kwa sababu mwaka huu swali limerudi nyumbani kwetu likiwa na bei juu yake, na nitafika hapo. Lakini lazima tuanzie mbali kidogo, maana sentensi yenyewe haikuzaliwa Nakuru.

Tarehe 4 Machi 2000, Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani kwa yeni 39,800. Siku mbili za kwanza ziliondoka mashine karibu milioni 1. Si kwamba Wajapani wote walikuwa na kiu ya michezo. Michezo ya siku ile ya kwanza ilikuwa michache na ya kawaida. Ni kwamba deki ya DVD ilikuwa bado kitu cha wenye nazo, nyumba nyingi zilikuwa bado na kanda za VHS, na hapa palikuwa na mashine iliyokupa deki na mchezo kwa bei ya deki peke yake. Mauzo ya filamu za DVD Japani yakapanda. Mwezi wa kumi mwaka huohuo PS2 ikafika Marekani kwa dola 299, mwezi uliofuata ikafika Ulaya. Hadi leo hakuna mashine ya michezo iliyouzwa kuiliko: zaidi ya milioni 155.

Kwa hivyo mtoto wa Langa Langa alipomwambia mamake kwamba PS pia ni deki, alikuwa akirudia mbinu ya mauzo iliyoanzia Tokyo. Na kuna kijambo kimoja kuhusu zile mashine za kwanza za Japani ambacho nakipenda sana. Programu ya kucheza DVD haikuwa ndani ya mashine. Ilikuja kwenye memori kadi. Ukiifuta, deki imekufa, unabaki na mchezo mpaka uirudishe kwa diski yake. Yaani udeki ulikuwa mgeni mle ndani tangu siku ya kwanza. Ulaya nako hata mahakama iliingia kwenye swali la PS2 ni kitu gani hasa: Sony ilitaka itozwe ushuru kama kompyuta, wakubwa wa forodha wakasema ni mchezo, na kesi ikaburutwa hadi 2003. Baba yangu angewaambia majaji ni deki, wafunge faili waende nyumbani.

Nakuru ilikuwa mahali pazuri kwa mashine kama hiyo kufika. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita hapa, reli inapita hapa, na mzigo ulioshushwa bandarini ukielekea Eldoret au Kampala uliacha kidogo chake njiani. PS zilikuja kwa njia mbili. Kuna zilizotoka Dubai zikiwa mpya, na kuna zile tulizoita eks-UK, zilizotumiwa na mtoto fulani wa Kiingereza mpaka akazichoka, zikaja bado na plagi yao nene ya miguu mitatu, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo plagi yetu.

Yetu ilikuwa eks-UK. Ilinunuliwa Desemba 2006 kwa KSh 15,000, ile nyembamba iliyotoka 2004, katika duka la kando ya Kenyatta Avenue ambalo nusu yake ilikuwa simu na nusu viatu. Mwenye duka alimwambia baba, bila hata kuulizwa: "Mzee, hii pia ni deki." Wakati huo deki ya Kichina, mpya kwenye boksi, ilikuwa kama 3,500. Baba akapiga hesabu papo hapo: 15,000 toa 3,500 za deki ambayo sasa hatahitaji kununua, basi PS yenyewe ni 11,500. Mpaka leo naiheshimu ile hesabu. Ilikuwa na nia njema.

Kwenye karatasi kuna kitu ambacho kingeiangusha mapema. Kampuni za filamu ziligawa dunia katika maeneo ya DVD, ili diski ya huku isichezwe kule. Uingereza, Japani na Afrika Kusini ziko eneo la 2. Kenya iko eneo la 5, pamoja na India na Urusi. PS iliyotoka Uingereza ilipaswa kuikataa DVD halali iliyotengenezewa soko letu. Nani mtaani aliwahi kuligundua hilo? Hakuna, kwa sababu muvi za Nakuru hazikuwa za eneo lolote. Ziliuzwa 50 bob kwenye nailoni, jalada likiwa limechapishwa na printa iliyoishiwa wino wa njano, na yeyote aliyezinakili alikuwa ameshang'oa hiyo mipaka zamani. Wizi ndio ulioifanya PS ya Uingereza iwe deki ya Nakuru. Sisemi hivyo kwa fahari wala kwa aibu, ndivyo ilivyokuwa.

Hesabu ya baba iliangushwa na kitu kingine, tena Jumapili ya kwanza kabisa.

Sisi tuliita kila kitu CD. Ile diski inayong'aa, iwe na nyimbo, muvi, mahubiri au picha za harusi, ni CD. Lakini kwa mashine kulikuwa na koo mbili. Kulikuwa na DVD, na kulikuwa na VCD, ambayo ni CD ya kawaida iliyobebeshwa picha: nukta 352 kwa 288 tu, dakika 74 na basi. Ndiyo maana filamu moja ilikuwa diski mbili, na ndiyo maana kizazi chetu kinajua kwamba mapenzi hukatika katikati mtu akainuka kwenda kuweka "part two". Nollywood ya miaka ile iliishi kwa VCD. Kwaya ziliishi kwa VCD. Vichekesho vya Kikuyu vilivyotoka River Road, Nairobi, akina Machang'i na Kihenjo, ambavyo baba alivipenda kuliko chakula, vilikuwa VCD.

PS2 haisomi VCD. Si suala la lenzi wala uchafu, haikuumbwa kuzisoma. Cha kuudhi ni kwamba Sony ilijua VCD zipo. Iliwahi kutengeneza PlayStation ya kwanza inayosoma VCD, ikaiuza Asia, kisha kwenye PS2 ikaliacha jambo hilo. Kwa dunia ya watu wenye maduka ya DVD, VCD ilikuwa kitu cha kupita. Kwa sebule yetu ilikuwa robo tatu ya kabati.

Basi Jumapili hiyo baba aliingiza Machang'i. PS ikaizungusha, ikanguruma kidogo, ikanyamaza, ikaikataa. Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Ikaikataa tena. Akageuka akatutazama sisi, si mashine, akauliza: "Sasa hii ni deki gani haiwezi kusoma Machang'i?"

Deki ya Kichina haikuwa na majivuno hayo. Ilisoma VCD, DVD, MP3, picha za simu zilizochomwa na kijana wa saiba, CD iliyokwaruzwa mpaka ikafanana na sufuria. Ilisoma zile diski za "12 in 1" zenye Jackie Chan kumi na wawili waliobanwa mpaka sura zao zikawa vibuyu. Ilikuwa na tundu la maikrofoni ya karaoke ambalo hakuna aliyewahi kulitumia kwa heri. Na ilikuwa na rimoti. PS2 nayo rimoti ilikuwa ya kununua kando, na hatukununua, kwa hivyo mama alitazama muvi ameketi kwenye stuli karibu na TV, padi mapajani, waya ukivuka zulia kama mtego wa sungura. Alijua kitufe kimoja, X. Kila kilichomshinda alibonyeza X.

Mwezi wa tatu 2007 baba alinunua deki ya 3,500. Hakusema kitu. Aliiweka juu ya PS.

Halafu kuna vumbi. Jina Nakuru lenyewe, tulifundishwa shuleni, linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na aliyelitoa hakukosea. Kabla ziwa halijaanza kupanda na kumeza ufuo wake, pepo za Januari na Februari zilipita juu ya magadi makavu zikatuletea unga mweupe hadi ndani ya kabati la vikombe. Lenzi ni kijicho kidogo cha plastiki kinachoelea chini ya diski kikitazama juu. Vumbi likikikaa, mashine inaanza kusoma kwa kubahatisha. Ukikuta PS nyumba fulani imelazwa ubavu, au imepinduliwa miguu juu, hujakuta wazimu. Umekuta watu ambao lenzi yao inaelekea mwisho na wamegundua kwamba katika pembe hiyo bado inaona.

Hapa ndipo mafundi walipokuwa na hoja kali kuliko sisi sote. Fundi aliyetutengenezea, kibanda chake kikiwa Bondeni, alimweleza baba hivi. Lenzi ni kama kiatu, ina kilomita zake. Mchezo ukishaingia, mashine husoma kidogo, hupumzika, husoma tena. Muvi ya saa mbili ni saa mbili za kusoma bila kupumua. Na lenzi ya PS inakaribia bei ya deki nzima. "Ukiangalia muvi kwa PS," alisema, "unalima shamba na ng'ombe wa maziwa." Ndiyo maana ukienda kwenye vibanda vya PS, vile vya kulipa kwa mechi, hukuti mwenye kibanda akiweka muvi hata wakati hakuna wateja. Si sheria ya serikali. Ile lenzi ndiyo shamba lake, na hawezi kuichosha kwa Jet Li ambaye halipi.

Siwezi kuandika habari za sebule za Nakuru nikaruka Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufikia kwa nguvu zote wiki ya mwisho ya mwezi huo. Wanajeshi waliingia mjini, kafyu ya usiku ikawekwa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya watu waliofukuzwa makwao. Mikokoteni ilipita mbele ya geti letu ikiwa na magodoro, masufuria na TV zilizofungwa kwa leso. PS, kwa waliokuwa nayo, ilisafiri ndani ya begi la shule. Familia moja ya jirani ilihamia kwetu kwa wiki tano, watu sita, na deki ikawa imeharibika Krismasi.

Tulikuwa na DVD saba ambazo PS ilikubali kuzisoma. Maduka ya muvi yalikuwa yamefungwa. Tulizitazama zote saba, tukazirudia, sauti ikiwa chini kabisa ili tusikie nje. Watoto tulikuwa wanane kwenye zulia. Tulikuwa na michezo miwili ya bunduki na hatukuicheza hata siku moja; hakuna aliyekataza. Mama wa ile familia nyingine alikuwa akipenda tuweke filamu moja ya harusi, ya Kihindi, ya saa tatu, na alikuwa akilala kabla haijafika nusu. Nadhani ndiyo sababu aliipenda.

Tarehe 19 Februari mwaka ule, huko Japani, Toshiba ilitangaza kwamba inaachana na HD DVD. Magazeti ya teknolojia yaliita hiyo mwisho wa vita vya diski: Blu-ray ya Sony imeshinda, na iliyoshinda nayo ni PlayStation 3, iliyokuwa na Blu-ray ndani yake tangu Novemba 2006. Siku tisa baadaye, tarehe 28, ule mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi mbele ya Kofi Annan. Nimezisoma tarehe hizo mbili pamoja miaka mingi baadaye na sijui nizipange vipi. Ninachojua ni kwamba wale jirani waliondoka mwezi wa tatu, kwenda Molo kwanza kisha kwingine, na lenzi ya PS ikafa mwezi wa nne.

PS3 nitaipitia haraka, kwa sababu kwetu haikuwahi kuwa ya watu wengi. Kwa haki lazima niseme: kwa mtu mwenye TV bapa, waya wa HDMI na filamu halali za Blu-ray, ilikuwa miongoni mwa deki bora duniani kwa miaka kadhaa. Hata DVD ya kawaida ilionekana safi ndani yake kuliko kwenye deki ya DVD. Lakini mtu huyo alikuwa akiishi wapi? Diski ya Blu-ray sikuiona ikiuzwa kwenye duka lolote la muvi mjini. Pawa saplai ya ile PS3 ya kwanza iliandikwa wati 380, na hata kwa muvi tu mashine ilikula zaidi ya wati 100, ilhali deki ndogo inakula kama balbu. Ni kejeli ya kwetu kwamba mvuke wa Olkaria, kaunti hiihii, umekuwa ukitoa stima tangu 1981, na bado ukiwa Nakuru unasikia kila tokeni ikishuka.

Tena PS3 ilikuwa na kitu kibaya zaidi kwa mteja wetu: masikio. Kuanzia mwishoni mwa 2009 Sony iliiwekea Cinavia, alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, isiyosikika na binadamu. Ukiweka nakala iliyoibwa yenye alama hiyo, mashine inakuacha uzame kwenye hadithi, dakika kama ishirini hivi, kisha inakata sauti au inasimamisha picha na kukuandikia ujumbe. Rafiki yangu wa London (ya Nakuru, si ile nyingine) alidhani spika zimeungua akazifungua zote mbili.

Ukitazama mfuatano huo, VCD, maeneo, Cinavia, utaona kwamba deki na PS hazikutofautiana sana kwa ubora wa picha. Zilitofautiana kwa kukataa. Deki ilitengenezwa na mtu aliyejua kwamba hajui utaleta nini, akaifundisha kupokea kila kitu. PS ilitengenezwa na kampuni ambayo pia inauza filamu, kwa hivyo ilijua vizuri sana unachopaswa kuleta. Silaumu biashara yao, wala sisahau kwamba nyuma ya kila CD ya 50 bob kulikuwa na mwigizaji wa River Road ambaye hakulipwa. Naeleza tu kwa nini mashine moja ilizeeka juu ya nyingine kwenye kabati letu.

Baadaye diski zenyewe zikaondoka. Duka la muvi likawa kompyuta moja na foleni ya watu wenye flashi. Ukataja sirizi, ukajaziwa. Vijana wakagundua kwamba PS2 ya zamani iliyokufa lenzi inaweza kufufuliwa kwa memori kadi iliyowekewa Free McBoot, ukacheza michezo kutoka flashi, na kwa programu iitwayo SMS ukatazama hata muvi za AVI, japo tundu lake la USB ni la kizazi cha kwanza na linakunywa polepole kama mgonjwa. Miaka kumi na zaidi baada ya Tokyo, PS2 ikawa deki nzuri kuliko ilivyowahi kuwa, kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakaifundisha kutokataa. Januari 2016 Netflix ikafunguliwa Kenya. Kisha zikaja TV zinazojua kila kitu zenyewe, na duka la muvi la mtaani kwetu sasa linauza vifuniko vya simu.

Sasa nifike nyumbani.

Baba alifariki 2014. Mama ana mkebe wa biskuti wenye diski kumi na moja: DVD saba na VCD nne. Si za 50 bob hizi. Ni harusi ya dada yangu mkubwa, Njoro, Agosti 2005. Ni ruracio mbili. Ni kuhitimu kwangu. Ni mazishi ya baba. Zilipigwa na vijana wa video wa mjini, wale wa kuweka mioyo ikizunguka kwenye kona na jina la bibi harusi kwa maandishi ya dhahabu. Kanda za awali hazipo tena. Diski hizi za kuchoma nyumbani hazina umri mrefu: rangi inayobeba picha hufifia, na joto la dirishani huiharakisha. Deki ya mwisho iliharibika mwaka jana. TV mpya ina tundu la flashi tu. Laptopu zetu hazina mahali pa kuingiza diski. Mama alisema kitu kimoja, kwa simu, kama mtu anayeulizia bei ya mahindi: anataka kumwona baba yenu akitembea.

Tukafungua kikundi cha WhatsApp cha kuchanga. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba, aliyezaliwa 2004, alikuja na pendekezo ndani ya dakika kumi. Tusinunue deki, hiyo ni teknolojia ya kaburi. PS4 mtumba iko Nairobi kwa 25,000, au tukijikaza, PS5. Inaingia Netflix, inaingia YouTube, ina mahali pa diski. Akamalizia: "Na si lazima iwe ya game. Pia inacheza muvi."

Hajui sentensi hiyo ina umri gani. Nilicheka peke yangu kwenye matatu.

Lakini nililichunguza kwa haki, kwa sababu hoja yake haikuwa mbaya. PS4 inacheza DVD na Blu-ray, na zile DVD za kuchomwa inazisoma mradi aliyezichoma alizifunga vizuri. Mara ya kwanza itataka intaneti ili uruhusiwe kucheza filamu kutoka diski. Mama ana intaneti. PS5 unapaswa kuangalia ni ipi, maana kuna isiyo na mahali pa diski kabisa, na ile nyembamba ya 2023 ina kisomeo kinachochomolewa, ambacho lazima kisajiliwe kwa intaneti kabla hakijafanya kazi. Yote hayo yanavumilika. Ila PS4 na PS5 hazisomi CD. Hata CD ya nyimbo. Na VCD ni CD.

Nikaomba dada apige picha diski zote na maandishi yake. Harusi ya Njoro ni VCD, part one na part two. Baba yu hai kwa dakika nyingi kwenye hiyo tu. Anavuka uwanja wa kanisa akiwa na suti ya kuazima, anasimamisha matatu ya waimbaji kwa mkono kama askari wa trafiki, na baadaye anatoa hotuba. Kwenye mazishi yake yupo pia, lakini si hivyo.

Nikapiga kura dhidi ya PS. Nikaandika kwenye kikundi kwamba kwa diski saba ni deki ya haki, kwa nne zilizobaki si kitu, na moja ya hizo nne ndiyo tunayoinunulia mashine. Ndugu yangu alinyamaza saa nzima, kisha akatuma kidole gumba. Tukanunua deki ya KSh 2,800 yenye jina ambalo sijawahi kulisikia kabla wala baada. Imesoma tisa. Mama anaitumia kwa rimoti, ameketi mbali, kwenye kiti chake. Nimemwahidi kitinda mimba kwamba nitamwongezea elfu tano ya PS yake, mradi aandike kwenye kikundi kwamba ni ya kucheza FIFA.

Deki si mwisho wa kazi, maana nayo itakufa. Kuna saiba moja karibu na stendi yenye kompyuta nzee ambayo bado ina mlango wa diski, na ikiwa una mkebe kama wetu, itafute moja mapema. Ukifungua VCD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili AVSEQ01.DAT. Hiyo ndiyo muvi yenyewe. Inakiliwe kama ilivyo, VLC itaifungua; kisha igeuzwe iwe MP4 ndipo TV iikubali. DVD zina folda ya VIDEO_TS, nazo ninakili folda nzima. Ninaweka nakala tatu: flashi ya mama, diski ngumu yangu, na moja kwa dada Eldoret.

Part one ya Njoro imenakilika yote. Baba anavuka uwanja dakika ya 22. Part two inasoma hadi dakika ya 31 kisha inakwama, na hotuba iko baada ya hapo. Nimeijaribu kwenye deki, kwenye kompyuta ya saiba na kwenye kompyuta ya ofisini kwa rafiki. Yule fundi wa Bondeni bado yuko, kibanda kimekuwa cha simu sasa, lakini anasema nyumbani ana deki tatu za zamani na moja ilikuwa ikisoma chochote. Nampelekea Jumamosi.